Kipya kinyemi: neno juu ya vyombo vya nyumba zetu



Wazee walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maana yake, moyo wa mtu hupenda kitu kwa kuwa ni kipya tu, hata kikimwumiza. Ukitaka kuuona ukweli wa methali hii usiende mbali. Ingia katika nyumba zetu za mjini, utazame vyombo vilivyomo. Katika chumba cha wageni utakuta viti vikubwa vilivyofunikwa ngozi ya kuiga. Bado vinang'aa, na baba wa nyumba bado analipa deni lake kwa mkopeshaji wa mtaani, pamoja na riba. Nyuma ya nyumba, karibu na jiko, utakuta meza ya mbao ngumu aliyoiacha babu. Imelazwa ubavu mvuani, inangoja kupasuliwa iwe kuni. Kile kipya kinaliwa na deni; kile cha zamani kinaliwa na mchwa.

Leo nataka kusema nanyi juu ya meza ile iliyo nyuma ya nyumba. Neno langu ni moja: kabla ya kununua chombo kipya, tengeneza cha zamani, nawe ukitengeneze kwa utaratibu, kwanza nguvu, halafu usafi, na uzuri uwe wa mwisho. Watu wengi hushindwa kazi hii kwa sababu huanzia mwisho. Hununua rangi, wakaipaka juu ya uchafu na juu ya miguu inayotikisika, na baada ya miezi miwili chombo ni takataka ile ile, ila sasa ni takataka yenye rangi.

Nawaeleza jinsi jambo hili lilivyoingia nyumbani mwangu. Mimi ni mwalimu, nakaa Lubumbashi pamoja na mke wangu na watoto wetu wanne. Baba yetu alipofariki, mimi kifungua mimba nilishika mahali pake mbele ya wadogo zangu. Mwaka juzi, katika mwezi wa saba, tulipata habari kwamba ukoo wa kijana mmoja ulitaka kuja kumposa mdogo wangu wa kike. Kwa desturi wageni hao walipaswa kupokewa kwangu. Na chumba chetu cha wageni kilikuwa na nini? Meza moja ya mulombwa, mti ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga. Viti sita, ambavyo vinne tu viliweza kukaliwa. Na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba.

Shangazi alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. «Mwanangu,» akasema, «utawaketisha wakwe juu ya vitu hivi? Watasema binti yetu ametoka katika nyumba isiyo na kitu, nao watampunguzia heshima siku zote. Kopa, ununue saloni. Deni hulipwa, aibu hailipwi.»

Maneno ya shangazi hayapuuzwi. Ndiye dada ya baba, na katika mambo ya posa sauti yake hutangulia. Tena hakusema uongo: wako watu wanaopima ukoo kwa viti vyake. Lakini fedha tuliyokuwa nayo katika kopo ilikuwa karo ya mtoto wetu wa kwanza, aliyetazamiwa kuanza mwaka mpya wa shule mwezi wa tisa. Shangazi alipokwisha kuondoka, mke wangu alisema: «Baba watoto, wageni wataketi siku moja, mtoto ataketi darasani mwaka mzima. Huko seminarini si walikufundisha kazi ya mbao?»

Ni kweli. Kila alasiri tulifanya kazi ya mikono, na mimi niliwekwa katika karakana ya bruda mmoja mzee. Bruda huyo hakuturuhusu kushika randa wala msumeno kabla ya kukitazama chombo kwa muda mrefu, juu na chini, tukamweleza kinaumwa nini. Alikuwa kama mganga mbele ya mgonjwa. Basi, nikampelekea shangazi neno la heshima: anipe majuma sita, halafu aje aone. Tukaanza.

Kwanza tulitazama. Si kila chombo kinastahili jasho lako. Kipindue, utazame chini yake, mahali ambapo fundi hakupaka vanishi. Mbao nzima huonyesha nyuzi zake zikienda kwa urefu, nayo ni nzito mkononi. Ubao wa vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi hauna nyuzi. Una ngozi nyembamba juu, na ndani ni kama mkate. Ubao huo ukinywa maji huvimba, wala haurudi tena hali yake, na skurubu ikitoka haishiki tena. Chombo cha namna hiyo kikivimba, usikipotezee siku zako. Lakini meza ya mulombwa, ya muvula au ya libuyu, hata ikiwa nyeusi kwa moshi wa miaka thelathini, ndani bado ina afya. Chukua msumari, uchome kidogo mahali penye mashaka, hasa kwenye miguu. Msumari ukizama kama katika ndizi, mbao imeoza, ukikataa, furahi. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe chini yake, kuna wadudu ndani. Kitenge chombo hicho na vingine mpaka utakapokitibu kwa dawa ya mbao kutoka dukani, ukiipaka nje ya nyumba.

Sisi watu wa Katanga tuna sababu nyingine ya kuhifadhi mbao hizi. Msitu wa miombo unaouzunguka mji wetu umerudi nyuma sana kwa ajili ya makala na mashamba. Katika miaka ya 2010 mti wa mukula ulikatwa kwa wingi huku kwetu na kwa jirani zetu wa Zambia, magogo yakapelekwa China. Mti wa mbao ngumu hukua polepole, na anayeupanda mara nyingi huwapandia wajukuu. Basi, yule anayepasua meza ya mulombwa ili apikie maharagwe jioni moja anaunguza kitu ambacho hataweza kukipanda akakivuna mwenyewe.

Baada ya kutazama, nguvu. Kiti kinachotikisika kwa kawaida hakikuvunjika. Ulimi wa mbao umelegea ndani ya tundu lake, kwa kuwa gundi ya zamani imekufa. Wengi wetu huchukua nyundo na kupigilia msumari mrefu pale penye kiungo. Msumari hupasua ulimi, na siku ya pili kiti kimekwisha kabisa. Dawa yake ni nyingine. Kifungue kiungo polepole, ukikigonga kwa kipande cha mti laini, wala si kwa chuma. Kwangua gundi yote ya zamani kwa kisu mpaka mbao yenyewe ionekane, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa. Ikiwa ulimi umekuwa mwembamba, uvike utepe wa mbao nyembamba au wa kitambaa kilicholowa gundi. Tia gundi nyeupe ya mbao, urudishe kiungo, halafu kibane.

«Nitabana kwa nini,» utauliza, «nami sina vyombo vya fundi?» Kwa kamba, ndugu yangu. Zungusha kamba mara mbili kwenye miguu ya kiti, pitisha kijiti katikati, ukizungushe kama mtu akamuaye nguo, mpaka kamba ikaze na viungo vifunge. Hakikisha kiti kimesimama sawa juu ya sakafu. Kisha funga kijiti, ukiache siku moja nzima bila mtu kukikalia. Hapa ndipo penye jaribu kubwa katika nyumba yenye watoto wanne. Mke wangu alivitundika viti juu ya ukuta mpaka siku yake ilipotimia.

Kiangazi ndio wakati wa kazi hii. Tangu mwezi wa tano hata wa kumi hewa yetu ni kavu, na gundi hushika vizuri. Lakini ujihadhari na jambo moja. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua ikavimba, na wakati wa kiangazi hujikausha ikapungua. Mlango wa kabati ukikwama katika mwezi wa kwanza, usikimbilie randa ukaula sana, kwa maana katika mwezi wa nane utaacha mwanya wa kupita panya. Mtoto wa meza akikataa kutoka, mpake mshumaa au sabuni kavu mahali anapoteleza. Mara nyingi hiyo yatosha.

Mlango wetu wa kabati haukuwa na ugonjwa mkubwa. Tundu za skurubu za bawaba zilikuwa zimepanuka tu. Nilijaza tundu hizo vijiti vidogo vilivyochovywa katika gundi, nikavikata vilingane na mbao. Kesho yake nikarudisha skurubu zile zile, na kamba ikaenda kufungia mbuzi.

Kisha usafi. Osha chombo kwa maji kidogo na sabuni, ukitumia kitambaa kilichokamuliwa, wala usikimwagie maji. Kitanda cha zamani ukichunguze katika kila ufa, maana kunguni hupenda viungo vya mbao kuliko mahali pengine. Kabla ya kutia gundi yo yote, peleka mbao hizo nje, uzimwagie maji yanayochemka katika nyufa, halafu uziache zikauke kabisa. Mgeni wa namna hiyo akiisha kuingia chumbani pamoja na kitanda cha bei rahisi, humgharimu mwenye nyumba kuliko kitanda kipya.

Kusugua ni kazi ya subira. Tumia kwanza karatasi ya msasa yenye namba 80, halafu 120, mwisho 180. Namba ikizidi, msasa ni laini zaidi. Fuata nyuzi za mbao daima. Ukisugua kwa kukatisha, makovu yatajitokeza siku ya kupaka mafuta. Vumbi la msasa lisikusanywe katika mapafu yako: funga kitambaa puani, ufanyie kazi nje.

Hapa nawaomba akina baba na akina mama mnisikilize vizuri. Rangi za zamani mara nyingi zilitengenezwa pamoja na madini ya risasi, na hata leo si kila kopo la sokoni limetakasika. Risasi hiyo ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo hudhuru ubongo wake, wala hakuna dawa ya kuurudisha kama ulivyokuwa. Basi, ukikuta rangi ya zamani inayobanduka, usiisugue kikavu, wala usiichome kwa moto. Ilowanishe maji kwanza, uikwangue ikiwa imelowa, watoto wakiwa mbali. Kusanya maganda yote katika karatasi, uyatupe mahali ambapo kuku na watoto hawafiki, uoge, ufue nguo zako peke yake. Tena kitanda cha mtoto mchanga chenye rangi usiyoijua, afadhali ukiache kabisa.

Mwisho ni uzuri. Mbao nzuri haitaki rangi, inataka mafuta. Nilichanganya mafuta ya kitani yaliyochemshwa na tapentaini, kiasi sawa sawa, nikapaka kwa kitambaa, nikangoja nusu saa, nikafuta yote yaliyobaki juu. Siku iliyofuata nikarudia kwa mafuta matupu. Meza iliyokuwa nyeusi kama sufuria ikatoa wekundu wake wa asili, na watoto wakadhani nimeleta meza nyingine. Jihadharini tu na vitambaa vilivyolowa mafuta hayo. Vikikunjwa na kutupwa pamoja pembeni, hupata joto vyenyewe, na huweza kuwaka moto pasipo mtu kuvigusa. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au uvitie ndani ya maji.

Viti vilikuwa kazi ya mke wangu. Alitoa vitambaa vya zamani vilivyooza, akafuma chini yake tepe alizozikata katika mipira ya ndani ya magurudumu ya gari, akizivuta kwa nguvu, moja juu, moja chini, kama mtu asukaye mkeka. Juu yake aliweka mito ya sufi. Kwanza akaivika marekani ngumu, halafu kitenge kilichobaki cha sikukuu moja. Alifundisha kwamba kitenge peke yake hupasuka upesi, lakini marekani iliyo chini ndiyo inayobeba mzigo. Naona hata watu wako hivyo.

Tulikosa meza moja ndogo ya kuandikia, ili mtoto asifanye masomo yake juu ya kitanda. Tuliitengeneza kwa mbao za paleti, zile zinazobeba mizigo ya malori. Mbao hizo ni rahisi, na mara nyingi hutolewa bure. Lakini yafaa kusoma chapa yake. Tangu mwaka 2002 nchi za dunia zimekubaliana juu ya alama moja ya mbao za kufungia mizigo: suke la ngano, na kando yake herufi. HT maana yake mbao ilitiwa joto mpaka moyo wake ukafika digrii 56 kwa muda wa dakika 30. Hiyo yafaa nyumbani. MB maana yake ilivukizwa kwa dawa yenye sumu. Hiyo usiilete ndani. Isiyo na alama, au yenye madoa na harufu, iache pia, hasa katika mji kama wetu wenye migodi, ambako paleti nyingi zimebeba dawa za viwanda. Tena usidhani utazichoma makala zile ulizozikataa: moshi wake ni mbaya vile vile.

Na kwa kuwa nchi yetu ni nchi ya vichuguu virefu, miguu ya kila chombo inayokanyaga sakafu ya udongo niliivika vifuniko vya makopo. Mchwa hupenda kupanda gizani. Bati humlazimisha kujenga njia yake nje, mahali unapoweza kuiona na kuivunja.

Majuma sita yalitimia. Tulikuwa tumenunua gundi, msasa, mafuta, skurubu chache na marekani. Tulikopa randa na patasi kwa jirani, tukazirudisha zikiwa zimenolewa. Kazi moja ilinishinda: mguu wa kiti uliopasuka kwa urefu wake. Nilimpelekea fundi wa kweli, naye alilipwa haki yake bila kupunguziwa. Kujitegemea si kumnyima fundi chakula chake. Ni kumpelekea kazi inayostahili ufundi wake. Gharama zote pamoja hazikufika robo ya bei ya saloni ambayo shangazi alituonyesha dukani. Kopo la karo halikufunguliwa.

Wageni walikuja siku ya Jumamosi. Waliketi, wakanywa, wakaleta maneno yao. Mazungumzo yalikuwa juu ya mahari, na juu ya tabia ya kijana, na juu ya mahali watakapokaa. Hakuna aliyesema lo lote juu ya viti, wala kwa sifa wala kwa dharau. Nilifikiri moyoni: hivi ndivyo viti vinavyopaswa kuwa, vibebe watu, watu waseme mambo yao. Shangazi naye hakusema neno. Lakini baada ya majuma matatu mjukuu wake alipiga hodi mlangoni, amebeba kichwani kigoda chenye miguu miwili. «Bibi anakusalimu,» akasema, «na mguu wa tatu umo mfukoni.»

Kuna fikira mbaya inayotusumbua sisi tuliosoma: ya kwamba kalamu ni ya bwana, na randa ni ya aliyefeli. Fikira hiyo si ya mji wetu. Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Wasalesiani wa Don Bosco walifika hapa mwaka 1911, nao waliweka karakana karibu na darasa, useremala pamoja na kusoma. Mtoto aliyenishikia kamba ile ya kubana kiti alijifunza mambo ambayo siwezi kumwandikia ubaoni: kwamba kitu kilichovunjika kina sababu yake, kwamba gundi haiharakishwi, kwamba baba yake na mama yake wanaweza kufanya kazi moja pamoja jioni nzima bila ugomvi. Alipoketi mezani kwake mwezi wa tisa, hakuichora meza ile kwa kisu kama wafanyavyo wenzake. Alijua kila skurubu iliyomo.

Sisemi kwamba kununua ni dhambi. Siku moja chombo huisha kweli, na mwenye uwezo anunue kizuri, cha mbao nzima, kwa fedha aliyo nayo mkononi. Nasema tu kwamba deni lililochukuliwa kwa ajili ya macho ya wageni huketi nyumbani muda mrefu kuliko wageni wenyewe, na anayelilipa mara nyingi ni mtoto, kwa karo yake, kwa viatu vyake, kwa sahani yake ya jioni.

Basi, ndugu wasomaji, kiangazi kikija, zungukeni nyuma ya nyumba zenu. Inueni kile kilicholala pale, mkipindue, mkichome kwa msumari. Kikiwa kimeoza, kiwe kuni bila huzuni. Lakini msumari ukikataa kuzama, kileteni ndani, mtafute kamba na gundi, mwaite watoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na anayetengeneza kiti leo hatakopa kwa ajili ya kiti kesho.